Bi Mwanasha alisalimu, akakosa karakana: niliyoyaona kituo cha ubunifu Ukunda

Wakuu, salaam aleikum. Ninayoyaeleza niliyashuhudia mwenyewe, ila naanza na swali ambalo hadi leo limenishinda: ubunifu wa eneo utakuzwaje na watu wanaoziona adabu za eneo hilo kuwa ni kupoteza muda?

Mimi ni mlezi wa biashara changa katika kituo kimoja hapa Ukunda. Jina lake nalihifadhi.

Hivi karibuni tuliwaalika wabunifu wa Kwale waje kufanya pitch, yaani kunadi mawazo yao mbele ya majaji kwa dakika chache. Mshindi angepewa karakana na mafundi.

Bi Mwanasha wa Gazi, mkulima wa mwani, alileta mfano wa chanja ya kuanikia yenye kifuniko cha nailoni angavu. Mvua ikinyesha, mwani unaendelea kukauka. Masika yaliyopita kikundi chao kilitupa mavuno yaliyooza, na masika mengine yalikuwa yanabisha hodi.

Saa ikaanza kuhesabu dakika zake chache.

Akawasalimu majaji. Akawapa pole ya safari. Akauliza hali za watoto na za wazee waliobaki nyumbani.

(Wenzangu wa pwani mnajua, mtu haanzi na shida yake.)

Kijana wa Nairobi aliyewaongoza majaji akamkatiza. "Mama, twende kwa product, please."

"Naja huko, mwanangu. Lakini bwana huyo wa pembeni hajaniitikia."

Ukumbi ukacheka. Bwana wa pembeni alikuwa kwenye simu. Kengele ikalia, akaitwa mwingine, na chanja haikufunuliwa hata kitambaa.

Nilimfuata nje. Akaniambia, "Mimi nilidhani ni kengele ya chai."

Jioni niliwasihi majaji wamsikilize upya. Nikajibiwa kuwa soko halina subira.

Soko gani hilo? Huku kwetu asiyeitikia salamu hauziwi hata chumvi! Tunajenga ukumbi, tunaweka intaneti, kisha tunawafukuza kwa kengele wale wale tuliodai kuwajengea. Halafu ripoti inasema Kwale haina wabunifu.

Somo nimelipata: mawazo yapo tele, wanaokosekana ni wasikilizaji. Nipingeni hapo chini, hasa nyinyi mliowahi kukaa kiti cha jaji.

Mimi sikungoja kikao kingine. Asubuhi yake niliichukua mashine ya kuchomelea, ambayo ni mali yangu na kituo kiliiazima tu, nikaipakia kwenye pikapu pamoja na fundi, tukaenda Gazi. Chanja ya kwanza tuliiunga uani kwa Bi Mwanasha, kina mama wakishikilia vyuma na kubishana juu ya urefu wa miguu yake.