Mama Alipofumba Macho

Juzi, wodini Mikumi, mgonjwa mmoja aliniruhusu nimwombee. Nilipofumba macho tu, binti yake mdogo alinivuta mkono kwa hofu, kunizuia. Nikaikumbuka alasiri moja ya Kilosa.

Mama alikuwa muuguzi. Nikitoka shule nilimsubiri kwenye benchi la wodi, penye harufu ya spiriti na uji. Huko niligundua jambo la kutisha: kila aliyeombewa na Mama, baada ya siku mbili tatu kitanda chake kilikuwa kitupu, godoro limeanikwa juani. Sikujua kwamba aliwaombea waliozidiwa, wala kwamba wengine walikuwa wamepona na kurudi kwao Msowero.

Alasiri hiyo malaria ilinilaza kwenye kitanda kimojawapo. Mama akaja, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akafumba macho.

"Mama, usiniombee!" nilipiga kelele. "Sitaki kufa!"

Mama akafumbua macho.

"Haya mwanangu. Sifumbi tena."

Akakaa akinitazama mpaka jioni. Nilipokuwa mtu mzima alikiri kwangu kwamba aliomba muda wote ule, macho wazi.

Juzi, mbele ya yule binti, nami niliyafumbua yangu.