Halua ya Posa na Daftari Langu

Mwanangu, iko siku moja ambayo siisahau, nami nataka nikupe habari zake kabla hujaenda Watamu kuwahoji wafanyabiashara na hiyo simu yako ya kurekodi. Najua uliniomba nikusaidie kupanga maswali. Maswali utayapanga mwenyewe, nimezisoma karatasi zako na akili unayo. Mimi nataka tuzungumze juu ya ulimi.

Leo watu wananiita Profesa. Nimefundisha mikakati ya biashara miaka mingi, nimeandika vitabu, wakurugenzi wazima wenye tai shingoni wamekaa mbele yangu wakiandika ninayosema. Sioni haya kusema kwamba kazi hii naijua. Lakini niliijua vibaya kabla sijaijua vizuri.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nasoma Nairobi, na kichwa kimenivimba. Nilikuwa na swali zuri la utafiti: kwa nini mfanyabiashara mdogo hudumu pale kampuni kubwa inaposhindwa? Nikarudi kwetu Malindi kulitafutia jibu. Kampuni moja kutoka Mombasa ilikuwa imefungua duka la halua mjini, halua ya mikebe yenye picha, bei ya chini, na gari la kipaza sauti likizunguka mitaani kuisifu. Haikupita miaka miwili duka likafungwa. Na huko nyuma, kichochoroni, Mzee Omari alikuwa bado akisonga halua yake katika karai la shaba, kama alivyokuwa akisonga tangu mama yangu ni msichana.

Mzee Omari alikuwa jirani yetu. Nilipomwomba, alinikubalia niketi jikoni kwake miezi mitatu na daftari langu. Niliandika kila kitu: samli anaipata wapi, iliki anatia kiasi gani, mwiko unazungushwa kwa muda gani. Yeye akicheka tu. "Andika, bibi," akiniambia. "Chema chajiuza, lakini wewe huenda ukakiuza zaidi." Nilidhani jibu langu limo ndani ya lile karai.

Kumbe sivyo. Alasiri moja mlango wa nyuma ulibishwa, akaingia Bi Zuhura, ambaye mumewe alikuwa na duka la vitambaa. Alikuja kuagiza halua ya posa ya binti yake. Nawe unajua, mwanangu, posa kwetu huanza kwa wanawake. Kina mama wawili hunong'onezana, hupimana, hukubaliana, kisha ndipo baba na ami za binti huambiwa kwa heshima zao, kana kwamba jambo ndiyo kwanza linaanza. Neno likivuja kabla ya hapo, kuna mtu atavunjiwa uso. Bi Zuhura aliponiona na kalamu mkononi alisita mlangoni. Mzee Omari akamwambia, "Ingia, usiwe na wasiwasi. Huyu ni mtoto wa nyumbani."

Basi akaingia, akasema haja yake mbele yangu, nami nikaiandika, na humo nikapata jibu la utafiti. Watu hawakumwendea Mzee Omari kwa utamu wa halua peke yake. Mzee yule alizijua posa za mji mzima kabla ya wanaume wa nyumba zenyewe kuzijua, na hakuna aliyewahi kusikia neno kutoka kinywani mwake. Kampuni ya Mombasa ilikuwa na sukari, na samli, na gari. Mdomo wa kufungwa haikuwa nao. Nilifurahi mno siku ile, hata chakula kilinishinda.

Wiki chache baadaye wafanyabiashara walikutana katika hoteli moja mjini, nikaalikwa nizungumze. Nilieleza vizuri, siwezi kujinyima sifa hiyo. Wakapiga makofi. Sasa makofi, mwanangu, ni kileo, na mimi sikuwa nimezoea. Nikataka zaidi, nikatoa mfano. "Hivi sasa tukizungumza," nikasema, "kuna jamaa wauza vitambaa wamekwisha kuagiza halua ya posa ya binti yao wa tatu, itakuwa Mfunguo Mosi, Ramadhani ikiisha tu, na mji mzima haujui." Ukumbi ukacheka.

Sikutaja jina. Nilijiona mwangalifu kweli. Lakini nilikuwa nimeficha jina nikaacha uso wazi, maana katika Malindi ile wauza vitambaa wenye mabinti watatu walikuwa wangapi? Katika safu ya tatu aliketi Bwana Saidi, ami yake yule binti, ndugu mkubwa wa baba, na hakuwa ameambiwa. Alikunja karatasi yake, akaitia mfukoni mwa kanzu, akatoka.

Magharibi haikuingia ila habari zimeenea. Bwana Saidi aliapa kwamba hatasimama katika posa aliyoisikia hotelini pamoja na wageni. Na wanawake wa mjini walilipeleka jambo hili mbali kuliko hapo. Walisema Mzee Omari ameweka mwandishi jikoni kwake. Kila aliyekuwa ameagiza halua katika miezi ile mitatu alijiuliza yeye yumo ukurasa wa ngapi. Mlango wa nyuma haukubishwa tena. Wiki ya kwanza Mzee alisonga halua akala na jirani zake. Wiki ya pili hakuwasha moto.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nilimkuta ameketi kando ya karai, amelisugua mpaka linang'aa, hana la kufanya. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba kama kawaida yake, akanionyesha kigoda. Nilitamani anikemee. Hakunikemea.

"Bibi," akasema, "uliandika kwamba mimi nina kitu ambacho kampuni haina. Uliandika sawa. Basi sasa nami sina."

Nililia njia nzima mpaka nyumbani. Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Haya, umejikwaa. Utalala hapo hapo chini? Chukua hilo daftari, vaa buibui lako, twende."

Tulipita nyumba kumi na moja za waliokuwamo daftarini, mimi na mama yangu, kwa siku tatu. Katika kila nyumba nilifungua daftari, nikamsomea mwenyewe yote niliyoyaandika juu yake, kisha nikaichana karatasi ile nikampa mkononi. Nikamwambia kwamba Mzee Omari hajasema neno, mdomo ulikuwa wangu. Wengine walinikaribisha kwa kahawa. Mmoja aliipokea karatasi dirishani, mlango hakuufungua. Na kila karatasi iliyotoka ilikuwa kazi yangu inatoka, maana bila kurasa zile sikuwa na shahada, na nililijua hilo nilipokuwa nikizichana.

Kwa Bwana Saidi mguu ulikuwa mzito. Nikamwambia, "Ami, ulisikia kwangu jambo ambalo haikuwa haki yangu kulisema. Nisamehe." Akasema, "Binti yetu ataolewa, nami nitasimama. Lakini wewe usije harusini." Nikashukuru, maana nilitarajia makubwa kuliko hayo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Zuhura. Aliipokea karatasi yake, akaisoma mara mbili, akaniangalia juu mpaka chini.

"Umesoma," akasema, "lakini hujafunzwa."

"Ndiyo, mama."

"Na Mzee Omari, yeye alikosa nini?"

"Aliniamini. Hilo tu."

Bi Zuhura akaikunja ile karatasi ndogo, ndogo zaidi, akaifunga katika pindo la leso yake. Halafu akasema, "Mwambie Ijumaa nitapita. Kwa mlango wa nyuma."

Nilikimbia kichochoroni kama mtoto, buibui na umri wangu wote. Mzee Omari aliposikia aliinuka, akaanza kupanga kuni.

Msimamizi wangu kule Nairobi alipouliza data iko wapi, nilimjibu kwamba nimewarudishia wenyewe. Alinifokea, na alikuwa na haki. Nilichelewa mwaka mzima, wenzangu wakahitimu mimi nawapigia makofi. Lakini nilipoanza upya nilianza kwa mtindo mwingine: kila nilichoandika juu ya mtu nilimsomea yeye kwanza, na alichosema kifutwe nilikifuta. Wavuvi wa Sabaki walinifungulia, wakulima wa Jilore walinifungulia, hata matajiri wa mahoteli ambao hawamfungulii mtu. Wataalamu wenzangu huniuliza nazipata wapi habari ambazo wao hawazipati. Huwajibu kwamba watu wenyewe hunipa.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Mtu akikuambia siri ya kazi yake, amekupa amana, hakukupa mali. Usiitumie kununulia makofi. Kuficha jina hakutoshi, mwanangu. Fikiria nani atakuwa ameketi safu ya tatu. Ukikosa, na utakosa, usiandike barua ndefu ya kujitetea. Nenda kwa miguu yako, mlango kwa mlango, ukarudishe. Elimu ikikuzuia kwenda, basi elimu hiyo ina kasoro.

Tena usijisumbue kwenda Malindi kumtafuta Mzee Omari. Mji ni huo, kosa ni hilo, machozi yalikuwa yangu. Lakini hakuitwa Omari, na hakuwa akiuza halua. Alichouza, na mlango uliobishwa, vitabaki baina yangu na yeye na Mola wake.

Nenda salama. Mungu akufungulie vifua vya watu, na akupe kifua cha kuwahifadhia. Amin.