Fundo la Mbele

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na magari yaliyochoka Japani yalipoanza kufika Sumbawanga, mama mdogo aliokota kalenda ya Kijapani katika duka la vipuri karibu na stendi. Kila mwezi ulikuwa na mwanamke wake, picha ya zamani iliyochapwa kwa vibao vya mbao: uso mweupe, vibanio vimejaa kichwani, nguo nzito mpaka miguuni. Alimkata aliyempenda zaidi, akaja naye kijijini kwetu Mollo.

Alikuwa ameacha kazi ya baa na kurudi kulima ulezi, na mtoto mgongoni asiye na baba wa kutajwa. Alitaka kitu kimoja tu, mtoto abatizwe. Padri alimwambia alete kwanza neno la jumuiya, na jumuiya yetu, iliyosali kila wiki nyumba kwa nyumba, ilikuwa ikiiruka yake kana kwamba pale pana shimo. Siku walipokubali kuja, alipaka kuta chokaa, akatandika kitambaa cheupe, akaweka msalaba. Pembeni akambandika yule mwanamke.

Mimi nilikuwa likizo, kidato cha tatu, na kichwa kimenivimba. Baada ya sala, tukinywa uji, mwenyekiti wa jumuiya aliuliza yule mama wa pichani ni nani. Mama mdogo akajibu kwa furaha kwamba ni mke wa nyumba kubwa: tazameni alivyojisitiri, na fundo la mshipi amelifunga mbele kama sisi tunavyofunga vitenge. Wanawake walitikisa vichwa kwa kuridhika. Ningeweza kuendelea kunywa uji wangu tu.

Lakini mwalimu wetu wa hesabu, Mjapani wa kujitolea, alikuwa na picha kama zile na alikuwa ametueleza.

“Huyo ni malaya,” nilisema. “Malaya maarufu. Kwao mke wa mtu hufunga fundo mgongoni.”

Mwalimu alisema pia kwamba wengi wao waliuzwa wakiwa watoto, na wazazi waliokosa chakula, na kwamba mji mzima ulinunua picha zao huku wenyewe hawaruhusiwi kutoka nje ya geti la mtaa waliofungiwa. Hiyo nusu sikuisema. Haikuwa na utamu.

Vikombe viliwekwa chini kimoja kimoja. Mwenyekiti alisema suala la mtoto lingoje kidogo, watu waone mwenendo. Walipoondoka, mama mdogo alibandua picha taratibu, asiichane.

“Ulijua tangu asubuhi, tulipokuwa tunaibandika wote,” alisema. “Ungeniambia mimi, mwanangu.”

Nilimjibu kwamba nilidhani anajua. Ulikuwa uongo, na alinitazama mpaka nikaona haya.

Mvua zilipokolea, mtoto alishikwa na homa. Mama mdogo alimnyunyizia maji mwenyewe njiani kwenda hospitali, akitamka maneno ya ubatizo aliyoyakumbuka, hana hakika kama ameyapanga sawa. Hawakufika.

Jumuiya nzima ilikuja msibani, na kuni, na unga, na machozi ya kweli, siwezi kuwasingizia. Mama mdogo alikaa kwenye mkeka. Mwenyekiti aliponiona nikipita na ndoo alinishika mkono, nikamwamkia. Aliitikia, kisha akasema kwa sauti ambayo mkeka mzima uliisikia, “Wewe binti umesoma vizuri. Siku ile ulitufumbua macho.”

Na mimi, Mungu anisamehe, nilimshukuru.