Lugha ya Kuhesabia Mbuzi

"Katika halmashauri hii hakuna atakayenisengenya nisimwelewe!" Hayo aliyatamka Redio, mkalimani wa halmashauri, kipaza sauti mkononi, mbele ya madiwani wote, siku alipotimiza miaka ishirini kazini. Lugha tano za asili, zote anazo: ya mama, ya baba, ya mke, na mbili alizookota mnadani. Watu wakapiga makofi. Mkewe peke yake akaguna, "Tano zote, na 'nisamehe' hajui hata kwa moja."

Mwezi huohuo ikaja fomu: andika lugha za eneo lako, kila moja na maneno ishirini, irudi Ijumaa. Isiyoandikwa haitapata mkalimani wala kitabu shuleni. Redio akajaza tano kabla chai haijapoa.

Jumatano akapita kijiji cha mwisho, kwa Mama Buti, mfugaji asiyevua buti zake za mpira hata harusini. Alimkuta anaingiza mbuzi zizini huku akiwahesabu kwa sauti. Redio akasimama kama aliyekanyaga msumari. Hakuambulia hata neno.

"Shangazi, hiyo lugha gani?"

"Ya mbuzi."

"Mbuzi nao wana lugha?"

"Ya kuwahesabia. Bibi yangu aliisema yote, mimi nimebaki na hesabu tu. Kumbe mwenye lugha zote huijui?"

Aibu Redio aliiona, ila udadisi ndio uliomuwasha zaidi. Ilitoka wapi? Nani mwingine anayo? Kumi inaitwaje? Akachomoa kalamu.

"Nihesabie tena, shangazi, mpaka ishirini. Isipofika kwenye fomu Ijumaa, lugha ya bibi yako ndiyo basi tena."

Mama Buti akafunga zizi. "Hii haihesabu hewa. Bibi alituonya: asiye na mbuzi usimfundishe, atahesabu vya watu."

"Mimi ni mtumishi wa halmashauri!"

"Basi kahesabu halmashauri."

Redio akakalia ndoo iliyopinduliwa, akawaza mpaka mbuzi wakamzoea. Kisha akainuka, akamshika pembe jike mmoja mweusi, sikio limepasuka. "Huyu unauza?"

"Nauza."

Jioni ile akahesabiwa mpaka ishirini, mara tatu, kalamu ikikimbia nyuma. Ijumaa fomu ikaondoka na lugha sita.

Mbuzi alikuwa shilingi elfu tisini.