Kamera Tumboni mwa Mama

Nilirudi Nyeri kutoka ng'ambo na stashahada ya vifaa vya upasuaji, niliyoipata kwa jasho la kuosha sahani za watu. Sioni haya kujisifu. Miaka ile ya tisini, hospitalini petu hapakuwa na mwingine aliyejua kuiongoza ile kamera nyembamba inayopenyezwa tumboni. Uvimbe ulipoonekana katika tumbo la mama, daktari aliniita mimi niishike. Mama sikumwambia. Kwetu mtoto wa kiume haanui hata nguo za mamake kambani.

Uvimbe ulitoka. Siku ya tano tulimrudisha nyumbani Mweiga akiwa na vidonda vinne vidogo, na amri ya kunywa uji mwepesi. Akina mama wa kanisa walikuja na chupa za chai, na kama kawaida yao wakaomba kuona mshono.

"Ati hii ndiyo operesheni?" aliuliza shangazi. "Mimi nilishonwa kama gunia ya viazi. Hapa walichungulia tu, wakaona mambo yameharibika, wakafunga."

Walipoondoka, mama aligeukia ukuta. Uji wa jioni hakuugusa, wala wa asubuhi.

"Kama uvimbe bado uko ndani, ya nini kuulisha?"

Nilienda langoni, nikarudi. Nilienda zizini, nikarudi. Nikamletea stashahada yenyewe, na fremu yake. Aliutazama mhuri kwa muda.

"Karatasi ni nzuri," alisema. "Lakini haikuwa huko."

Alasiri midomo yake ilikuwa imekauka. Nilisimama mlangoni, mikono sijui niiweke wapi.

"Mama, mimi nilikuwa huko. Ndimi niliyeshika kamera. Niliuona uvimbe ukikatwa, nikauona ukitoka."

Alivuta blanketi hadi kidevuni.

"Huo uvimbe ulikuwa namna gani?"

"Kama kiazi cha mbegu. Mweupe."

"Na ukaona nini kingine?"

"Tumbo tu, mama. Kwingine kote walikuwa wamekufunika."

Aligeukia ukuta tena.

"Ambia bibi yako alete uji," alisema. "Wewe usiingie."

Nilimpelekea mke wangu ujumbe jikoni, kisha nikabaki uani, nikienda na kurudi, hadi niliposikia kijiko kikigonga kikombe.

Mama alipona. Lakini mpaka viazi vya msimu ule vilipochimbwa, hakupokea kikombe chochote kutoka mkononi mwangu.