Taa ya Oili Kwenye Gari la Dada

Pale gereji walimwita Kipimo, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Miaka thelathini na miwili alifunga injini kwa vidole. Wenzake walipokuwa wakihangaika na vyombo vya kupimia, yeye alipitisha tu kucha ya kidole gumba juu ya kranki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, akafumba macho, akasema, "Hii inataka kuchongwa," au, "Hii nzima, tufunge." Hakukosea. Tena alijua kwamba hakosei, maana alikuwa na maringo huyo, jamani! Ukimletea mikrometa, alikuuliza kama umekuja kumpima suruali.

Basi dada yake mkubwa, nesi wa zamu, alipoleta gari lake likifuka moshi, Kipimo aliifumua injini yote mwenyewe, akabadilisha ringi na beringi, akaifunga. Kranki aliipapasa, akasema nzima. Wiki haijaisha, dada akapiga simu.

"Mdogo wangu, taa ya oili inawaka. Asubuhi haiwaki, ila injini ikishapata moto, nikisimama tu kwenye foleni, hiyo hapo inanikodolea."

"Swichi hiyo, dada. Wala usitie hofu."

Akabadilisha swichi. Taa ikawaka vilevile. Akaichomoa, akafunga geji ya mkono mahali pake ili aione presha ya oili yenyewe kwa macho yake. Injini ikiwa baridi, mshale ulipanda vizuri tu. Akaiacha ingurume nusu saa, ipate moto sawasawa. Mshale ukaanza kushuka, ukashuka, ukaja kulala karibu na sifuri.

Akamwaga oili, akatia nzito zaidi. Wapi! Akashusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akakuta chujio la ndani ni safi. Akafunga pampu mpya, na springi yake mpya. Mshale ukalala palepale. Sasa akaanza kutafuta wa kumlaumu. Mwuza vipuri kamuuzia beringi feki, oili imechakachuliwa, dada anakanyaga mafuta kama ana ugomvi nayo. Nyumbani akawa hasemezeki. Mkewe alimshika mkono wakati wa chakula, akaona lengelenge kubwa kwenye kidole cha shahada.

"Umeungua wapi, baba watoto?"

"Nani ameungua?" Akakitazama kidole, naye akashangaa. "Itakuwa bomba la ekzosi."

"Na vidonge vya sukari umemeza leo?"

"Usinichoshe, mama watoto. Nina injini kichwani."

Si gari tu lililokuwa likimnyima usingizi. Hakuwa na kazi nyingine duniani, wala hakuitaka. Kama injini ya dada yake wa tumbo moja imemshinda, atamwambia nani tena kwamba yeye ni fundi?

Siku ya sita akaitoa kranki, akaibeba begani mpaka kwa fundi wa kuchonga vyuma, rafiki yake wa tangu ujana, mlango wa tatu kutoka gereji.

"Lo! Kipimo amekuja kupimiwa!" rafiki akaangua kicheko. "Leo mvua ya mawe itanyesha."

"Acha maneno yako. Pima uniambie hii ni nzima, nikamkunje mwuza beringi shati."

Rafiki akaifuta oili kwa kitambaa. Hata mikrometa hakuigusa kwanza, akapitisha kucha. Kicheko kikamkauka.

"Hii uliifunga hivihivi?"

"Kwani ina nini?"

"Ina mikwaruzo, bwana, kucha inakwama. Na hapa imelika upande mmoja. Oili ikishapata moto inakuwa nyepesi, inachuruzika yote kwenye nafasi hii. Presha utaitoa wapi?"

Kipimo akapitisha kucha yake. Laini kama sahani. Akapitisha tena, akakandamiza. Laini. Rafiki akachukua mikrometa, akapima huku na huku, akaandika tarakimu kwa chaki juu ya meza, na tarakimu zilikuwa mbaya. Kisha akaacha kuitazama kranki, akawa anaitazama mikono ya mwenzake.

"Hebu fumba macho. Nyosha vidole. Nitakuwekea kitu, uniambie ni nini."

"Tumerudi utotoni?"

"Fumba, nakuomba."

Akafumba, akangoja. Alisikia msumeno ukikata chuma huko nje, na mtu akimwita mwenzake alete spana. Akachoka kungoja.

"Weka basi, unasubiri nini?"

Rafiki akaviinamia vidole vile.

"Nimeshaweka, ndugu yangu."

Akafumbua macho. Nati ndogo ilikuwa imetulia juu ya ncha za vidole viwili. Aliitazama, kisha akaiweka juu ya meza, kando ya tarakimu za chaki.

"Ichonge," Kipimo akasema. "Ukimaliza umpe fundi mwingine aifunge. Mimi usinirudishie."

Akatoka nje, akampigia dada yake. Hakuzungukazunguka.

"Dada, gari halina ubaya. Ubaya ni wangu. Vidole vyangu havisikii. Kucha ilipita juu ya chuma kibovu, nikakwambia kizima."

Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Aliposema, alisema kama anavyosema na wagonjwa, polepole.

"Ni ile sukari, mdogo wangu, inaua hisia za vidole. Ganzi hiyo imeanza lini?"

Kipimo akajaribu kuikumbuka injini ya mwisho aliyoisikia kweli. Teksi ya shemeji? Gari la mwalimu mkuu? Basi lile la shule? Zote alizipapasa, zote alisema nzima, na saa hiyo zote zilikuwa barabarani na watu ndani.

"Sijui, dada," akasema, na machozi yakamtoka palepale kando ya barabara. "Sijui imeanza lini."