Kimya Alichokitafuta Amparo

Amparo Zavala aliuza matunda chini ya matao, karibu na kanisa kuu la Morelia, na uzee ulimkuta hajalala hotelini hata siku moja. Angelala hotelini kwa lipi? Nyumba ya wazazi wake ilikuwa mitaa michache tu kutoka hapo, na yeye hakuwa mtu wa safari. Kazi yake ilikuwa kukata maembe na mananasi vipande vidogo vidogo, kuyamwagia maji ya machungwa, kuyanyunyizia jibini na pilipili, na kuzungumza. Wateja wa zamani walisema matunda ni kisingizio tu.

Kwa hiyo siku mdogo wake Otilia alipopiga simu kutoka Chicago na kumwomba amtafutie hoteli, Amparo aliweka kisu chini embe likiwa nusu, na hilo si jambo la kila siku.

"Iwe katikati ya mji wa zamani," Otilia alisema. "Nzuri, yenye ua na maua. Ila zaidi ya yote, dada, iwe na kimya. Siku hizi usingizi wangu wa mashaka. Nikikesha, nabadilisha tiketi narudi zangu. Nakwambia mapema usije ukaninunia."

"Na chumba cha mama je? Nimekipaka rangi."



"Kule siingii, dada. Usinilazimishe."

Mama yao alifia katika chumba kile cha nyuma, akimwulizia Otilia mpaka mwisho. Wakati huo Otilia hakuwa na karatasi za uhamiaji. Angekuja kuzika, asingeruhusiwa kurudi kwa wanawe. Mama akazikwa bila yeye. Sasa karatasi zilikuwa zimepatikana, lakini nyumba ilimshinda kuikabili. Amparo alielewa, na bado aliumia sana, maana nani anampeleka ndugu yake wa tumbo moja hotelini kama mchuuzi wa viatu? Lakini zaidi ya kuumia, aliogopa. Otilia akilala vibaya ataondoka, na umri wao haukuwa tena wa kuambiana tutaonana mwakani.

Basi akafunga kibanda mapema, akavaa viatu vya misa, akaenda kuchagua hoteli.

Ya kwanza ilikuwa na marumaru hadi chooni. Kijana wa mapokezi alimchangamkia. "Mama, tuna baa huko juu, bendi inapiga kila siku!"

"Inapiga mpaka saa ngapi?"

"Mpaka wateja wachoke."

"Mimi nimeshachoka," akasema Amparo, akatoka.

Ya pili ilikuwa na roshani nzuri ya chuma juu ya barabara. Alisimama pale akivutiwa na maua, ikapita pikipiki yenye bomba bovu. Hakungoja ipite nyingine.

Ndipo akafika Mlimau, hoteli ya Bwana Evodio, mgane mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri. Ilikuwa nyumba ya babu yake: vyumba vichache vimezunguka ua, katikati chemchemi ndogo na mlimau mzee uliozaa mpaka matawi yameinama. Amparo aliomba chumba cha mwisho kabisa. Akavua viatu, akajilaza kitandani, mikono kifuani kama marehemu, akafumba macho. Bwana Evodio alibaki mlangoni hajui atazame wapi.

Kengele za kanisa kuu zikalia. Kengele za Mtakatifu Yosefu, kanisa la jirani, zikajibu. Mwisho ikadakia ile ndogo ya watawa, yenye sauti ya sufuria.

"Kimya kabisa," akasema Amparo.

Bwana Evodio alikohoa. "Bi Amparo, na kengele je?"

"Kengele zipi?"

"Hizi zilizolia sasa hivi."

"Aa, hizo! Mimi nakuuliza habari za kelele."

"Na juma atakalokuja mdogo wako ndilo la sikukuu ya Yosefu. Wageni wengine huwa wanalalamika..."

"Wageni!" Amparo aliinuka akitafuta viatu. "Otilia si mgeni, bwana wee. Otilia wa hapa hapa."

Otilia alikuja, na hoteli akaipenda mara moja. Alinusa majani ya mlimau, akatia vidole kwenye chemchemi, akacheka. Jioni walikula pamoja uwanjani, wakasimuliana habari za watoto na za meno. Nyumba hawakuitaja. Amparo alirudi kwake moyo umetulia, akijiona fundi wa hoteli.

Alfajiri fataki zikaanza. Mtakatifu huamshwa hivyo siku yake: fataki za mshindo, kengele zote kwa pamoja, na tarumbeta mlangoni pa kanisa, ukuta kwa ukuta na Mlimau. Amparo alikuwa akichemsha kahawa, hana habari, mlango ulipogongwa kwa ngumi.

Alikuwa Otilia, koti juu ya nguo ya kulalia, nywele zimesimama.

"Hiki ndicho kimya ulichonichagulia? Nilidhani vita vimeingia! Nimejitupa chini ya kitanda, mimi, mwanamke mwenye wajukuu!"

"Vita gani?"

Mshindo ukatikisa sahani.

"Hivyo!"

"Hiyo si fataki ya Yosefu tu?"

"Najua ni ya Yosefu! Nimejua nikiwa tayari chini ya kitanda!"

Amparo alijaribu kujizuia, akashindwa, kicheko kikamtoka. Otilia akamtazama kwa hasira, kisha naye akaangua. Walicheka mpaka wakashikana mabega, na katikati ya kucheka huko Otilia akaanza kulia.

"Usiondoke," Amparo akasema. "Nisamehe. Nitakutafutia nyingine leo hii. Usibadilishe tiketi, mdogo wangu."

Otilia alijifuta pua kwa mkono wa koti. Alikuwa akitazama nyuma ya bega la dada yake, kwenye ukumbi.

"Fataki bado hazifiki kule kwa mama?"

Amparo akajishika mdomo. Alikuwa amesahau kabisa. Otilia mdogo alikuwa akiogopa fataki mpaka anatetemeka, na kila sikukuu mama alimbeba hadi chumba kile cha nyuma, kisicho na dirisha la barabarani, akalala naye mpaka ziishe. Yeye Amparo alikuwa nje na watoto wengine, akizishangilia.

"Hazifiki," akasema.

Otilia alipita ukumbini taratibu, mkono ukigusa ukuta. Mlangoni alisimama. Kisha akaingia, akajilaza juu ya kitanda cha mama na koti lake, akageukia ukutani.

Siku hiyo kibanda hakikufunguliwa. Amparo aliweka kiti mbele ya mlango wa chumba, akakaa. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alifukuzwa kwa ishara ya mkono. Ndani mlisikika pumzi ya mtu aliyelala fofofo.

Adhuhuri kengele zikaanza, za kanisa kuu, za Yosefu, na ile sufuria ya watawa. Amparo alishtuka kitini. Zilikuwa nyingi ajabu, na kila moja ilimgonga kichwani. Akauegemea mlango kwa mgongo wake wote ili zisipite.

"Nyamazeni jamani," alinong'ona kwa hasira. "Mdogo wangu amelala."